Shamba la babu: Wafaransa wanawezaje kukaa na shamba moja la mizabibu miaka mia kadhaa bila kuligawa vipande?

mjukuu_wa_kilembe (Kasese)

Habari zenu wadau. Naomba ushauri wa kweli, si wa kunifurahisha.

Babu yetu alikuja huku kufanya kazi kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe, ile miaka reli ilipofika Kasese, 1956 hivi, na kila akipata mshahara anaenda kununua kaardhi kadogo upande wa mlimani, leo hii kadogo kadogo kamekuwa ekari kumi na nne za kahawa arabika, na nyumba ya mawe aliyoijenga mwenyewe na mafundi wawili, na ile mashine ya mkono ya kumenya kahawa iko stoo na bado inazunguka. Amefariki mwaka juzi. Bibi alitangulia. Watoto ni saba, wajukuu tunakaribia hamsini, na kikao cha familia ni Desemba watu wakirudi kwa sikukuu. Baba zangu wadogo wawili wanataka kila mtu apewe ekari zake mbili, amalize mambo. Mashangazi hawajaulizwa.

Sasa juzi nimesoma habari za Château de Goulaine, Ufaransa, karibu na mji wa Nantes. Ukoo mmoja unatengeneza mvinyo pale miaka kama 1000. Elfu moja jameni! Sisi hata 70 hatujafikisha na tayari watu wanaulizana kamba na vigingi viko wapi. Nimeiangalia ile picha ya jumba nikakumbuka veranda ya babu na mikeka ya kahawa inakauka, nikashindwa kulala vizuri.

Swali langu: wanafanyaje? Ni sheria, ni mila, ama ni pesa tu? Sitaki kuambiwa "Wazungu wamejipanga", nataka kujua njia yenyewe wanayopitia mzee akifa na watoto wako saba.

---

niliyesoma_nantes

Kaka pole kwanza kwa mzee.

Nilikaa Nantes miaka mitatu na Goulaine nilifika mara mbili kwa baiskeli, si mbali na mji, kuna kinamasi kikubwa hapo karibu, halafu unaona jumba la mawe meupe, yale mawe laini ya bonde la Loire wanaita tuffeau, sehemu kubwa ni ya mwisho wa karne ya 15. Lakini nikurekebishe kwa heshima, hiyo miaka 1000 ina tundu katikati. Mwaka 1788, mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi, jumba liliuzwa kwa mwenye benki mmoja Mholanzi, likarudi kwa ukoo 1858. Miaka 70 lilikuwa la mtu mwingine! Mimi hilo ndilo lilinigusa kuliko elfu yenyewe, juu miaka 70 ni kama vizazi vitatu, aliyeliuza hakuwa hai liliponunuliwa tena, na bado kuna aliyekumbuka ni kwao akarudi kulichukua.

Halafu usifikiri mvinyo peke yake ndio unalisha jumba. Mvinyo wa pale ni Muscadet, mweupe, mwepesi, watu wa Nantes wanaunywa na chaza, na si wa bei kubwa kama ile ya Bordeaux. Paa la jumba kama lile linakula pesa kila mwaka. Ndio maana wenyewe waliwahi kuweka nyumba ya vipepeo hai humo, watu wanalipa kuingia kutazama, na makumbusho ya biskuti za LU ambazo zilianzia Nantes, na kumbi za harusi. Mwenye jina la ukoo, cheo cha marquis, na alikuwa anauza tiketi za vipepeo, na aliona sawa tu kwa sababu bila hivyo mvua inaingia.

Serikali nayo iko. Tangu sheria ya 1913 jengo la kihistoria linasajiliwa, ukishasajiliwa huwezi kubadilisha hata dirisha bila ruhusa, lakini kwenye matengenezo serikali inaweza kuchangia sehemu ya gharama. Na tangu 1984 kila Septemba kuna siku za urithi, majumba mengi ya watu binafsi yanafunguliwa, foleni inafika barabarani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kikao chenu, nyumba ya mawe ya babu italipwa na nani? Kahawa peke yake itaiweza?

---

Maitre_wa_Bunia (Nsambya, Kampala)

Ndugu yangu, nimesoma sheria kwetu Bunia kabla ya vita kunileta Kampala, na hii mambo ya Wafaransa naisoma kwa lugha yao, kwa hiyo acha nieleze taratibu.

Watu wengi wanafikiri kule mtoto mkubwa anachukua yote. Hapana. Hiyo ilikuwa zamani kwa wakubwa wa nchi. Mapinduzi ya 1789 yalivunja, na sheria ya Napoleon ya 1804 ikaweka watoto wote sawa, wa kiume na wa kike. Mpaka leo mzazi hawezi kumnyima mtoto. Ukiwa na mtoto mmoja, nusu ya mali ni yake upende usipende. Wawili, theluthi mbili. Watatu na kuendelea, robo tatu inagawanywa sawa kwa watoto na ni robo moja tu unayoweza kumpa unayemtaka. Babu yenu na watoto saba angekuwa kwenye hiyo robo tatu.

Sasa unaona hatari yake. Nenda Burgundy uangalie Clos de Vougeot. Lilikuwa shamba la watawa wa Cîteaux, walilipanda tangu karne ya 12 na kulizungushia ukuta wa mawe ambao upo hadi leo. Mapinduzi yakawanyang'anya watawa, likapita kwa matajiri, mwaka 1889 likauzwa kwa wafanyabiashara kadhaa pamoja, na kuanzia hapo urithi na kuuziana kukaendelea kukata. Ni hekta 50 hivi tu. Wenyewe leo wako kama 80! Wengine wana mistari michache tu ya mizabibu. Ukuta ni mmoja, jina ni moja, ndani kila mtu na mistari yake na mvinyo wake, mmoja mzuri sana na wa jirani yake hauna maana. Ekari mbili mbili za baba zako wadogo ndio hiyo.

Na kukaa tu bila kugawana pia si dawa. Sheria yao, kifungu cha 815, inasema hakuna mtu analazimishwa kubaki kwenye mali ya pamoja. Ndugu mmoja akichoka anaweza kwenda mahakamani kuomba mali igawanywe.

Kwa hiyo waliunda njia ya tatu. Kuna sheria ya 1970 inaruhusu familia kuweka ardhi ndani ya kitu kama kampuni ya shamba, wanaita GFA. Ardhi inakuwa ya kampuni, watoto wanarithi hisa, si udongo. Halafu kampuni inamkodisha shamba yule mmoja anayelima kweli, kwa mkataba mrefu, miaka 18 ama zaidi, analipa kodi na kodi inagawanywa kwa wenye hisa wote. Na ndani ya katiba ya kampuni wanaandika kwamba huwezi kuuza hisa kwa mtu wa nje bila wenzako kukubali. Mkulima anajua mizabibu aliyopanda leo hatanyang'anywa kesho. Hapo ndipo ile miaka mia mnayoisifu inapotokea, kwenye makaratasi.

---

ekari_mbili_zinanitosha

Mimi naomba niwe tofauti. Gawaneni.

Kwetu baba alikufa 2006 tukaambiwa maneno haya haya, tusigawe, tubaki pamoja, urithi wa mzee. Ndugu mmoja akabaki anasimamia. Miaka kumi na mbili hatukuona hata gunia moja, ukiuliza unaambiwa mvua ilikuwa mbaya, bei ilikuwa chini, mbolea, na dada yetu mdogo ameacha shule na shamba lipo. Umoja wa mtu mmoja kula si umoja. Nilipopata ekari zangu mbili nikapanda, nikajenga, na leo nalala.

Na hizo hisa za Maitre, hata kule zimevunja watu. Mnaijua Château d'Yquem? Ule mvinyo mtamu wa Sauternes, mwaka 1855 walipopanga madaraja ya Bordeaux ulikuwa peke yake juu kabisa kwenye daraja lake. Familia ilianza kushika pale 1593, ikaingia kwa ukoo wa Lur-Saluces kwa ndoa ya 1785, ukoo huohuo miaka yote. Hisa zikagawanyika kwa watoto, wajukuu, mabinamu. Aliyekuwa anaendesha, Alexandre de Lur-Saluces, alianza 1968 na sifa zote zikawa zake, lakini hisa zake mwenyewe zilikuwa chache. Mwaka 1996 ndugu zake, kaka yake mkubwa akiwemo, wakauza zao kwa LVMH, kampuni kubwa ya mikoba na manukato. Kesi juu ya kesi mpaka 1999, mwisho LVMH ikashika. Miaka mia nne imekwenda, na aliyefungua mlango hakuwa mgeni, ni damu yao.

Kwa hiyo usimwambie huyu kijana makaratasi yanatosha.

---

BintiBombo

Asalaam alaykum. Mimi ni Mnubi wa Bombo, mvinyo kwangu ni haramu na sitaongelea ladha yake, ila mambo ya mirathi yananihusu sana na kuna neno nimelisoma hapo juu likanichoma: "mashangazi hawajaulizwa."

Mwanangu, huyo wa juu ametaja Yquem lakini ameruka mtu. Ile ndoa ya 1785, bibi harusi aliitwa Françoise-Joséphine de Sauvage d'Yquem, yeye ndiye alikuja na shamba, shamba ni la kwao mwanamke. Mume akafa 1788. Mjane wa miaka 20 hivi, Mapinduzi yanakuja, wenye vyeo wanakatwa vichwa, na yeye anasemekana kufungwa jela mara mbili. Alitoka akaendelea kusimamia, alilishika hilo shamba mpaka alipofariki 1851. Miaka sitini na zaidi! Wanaume wote wa Lur-Saluces waliofuata wamesimama juu ya mgongo wa huyo mama.

Na kule Champagne hivyohivyo. Barbe-Nicole Ponsardin, yule mjane Clicquot, amefiwa na mume 1805 akiwa na miaka 27. Lily Bollinger amefiwa 1941 katikati ya vita Wajerumani wamejaa, ameendesha mpaka 1971, na Bollinger mpaka leo ni ya familia. Sasa nyinyi mnapanga kugawa ekari kumi na nne na hamjamuuliza shangazi hata mmoja? Nani alikuwa anaanika kahawa pale kwenye mikeka? Nani alimuuguza mzee?

Lingine. Sisi Waislamu tuna wakfu. Unaiweka mali isiuzwe wala isirithiwe, inabaki pale, na faida yake ndiyo inagawanywa kwa uzao wako. Hiyo GFA nimeisoma nikaona ni ndugu yake wakfu, tofauti ni kwamba hisa inauzika. Kama familia yenu ni Wakristo sawa, lakini wazo lichukueni: mti ubaki, matunda yagawanywe, na hesabu isomwe mbele ya watu wote kila msimu. Huyo ndugu aliyedhulumiwa miaka kumi na mbili, tatizo lake halikuwa kutogawana. Hakuna aliyesoma hesabu.

---

ekari_mbili_zinanitosha

Mama hapo kwa hesabu umenigusa. Ni kweli. Hatukuwahi kuona daftari hata siku moja.

---

robusta_mukono

Naongeza la shambani juu hapa wote wanasheria.

Kuanzia miaka ya 1860 mizabibu ya Ufaransa ilianza kukauka bila sababu. Kumbe ni kadudu kadogo kama chawa wa mimea, filoksera, kametoka Marekani na miche, kanakula mizizi. Mtaalamu wa mimea Planchon na wenzake wakakaona 1868. Walijaribu madawa, walijaribu kufurika shamba maji, mwisho dawa ikawa kubebesha, yaani unachukua shina la mzabibu wa Marekani ambao kadudu hakauwezi, unabebesha juu yake kikonyo cha mzabibu wa kwenu. Mpaka leo karibu mizabibu yote ya Ufaransa inasimama juu ya mizizi ya Kimarekani. Kwa hiyo zile familia za miaka 300, 400, miti yao si ya miaka 300. Waling'oa shamba lote la babu zao wakapanda upya.

Naelewa uchungu huo. Mnyauko wa kahawa ulionekana 1993 upande wa Bundibugyo ukatembea nchi nzima, robusta ya baba yangu hapa Mukono ilikufa mti kwa mti, unaamka asubuhi majani yamegeuka, tulikuwa tunang'oa na kuchoma huku mzee amekaa anatazama. Tumerudi kwa miche ya KR, ile inayovumilia mnyauko, iliyotoka kwa watafiti wa Kituza. Ila kumbuka mti mpya unakaa kama miaka mitatu kabla ya kukupa kitu cha maana. Mwenye ekari mbili na ada za shule hawezi kung'oa zote akangoja. Mwenye kumi na nne anang'oa mbili, anabaki na kumi na mbili zinamlisha. Sababu yangu ya kusema msigawe ni hiyo tu.

---

mtu_wa_arua

Nasoma tu hapa na chai yangu. Mimi nawapenda Hugel wa Riquewihr, Alsace. Wako pale tangu 1639, wana pipa wanaliita Sainte Catherine, la 1715, na bado linatumika. Pipa la miaka mia tatu! Lakini angalia limepitia nini, Alsace ilikuwa Ufaransa, 1871 ikawa Ujerumani, 1918 ikarudi Ufaransa, 1940 Ujerumani tena, 1945 Ufaransa tena. Mtu anazaliwa na kufa kijiji kilekile na amebadilishiwa nchi mara nne. Sisi wa West Nile tunaelewa hiyo habari, babu zetu walilala chini ya Mbelgiji wa Lado, ndivyo eneo letu lilivyoitwa, 1910 wakaambiwa ni Sudan, 1914 wakaambiwa ni Uganda, na hawakuwa wamesogeza hata jiko. Ardhi ya ukoo ndiyo kitu pekee ambacho hakikubadilika jina.

Mjukuu, kwa hapa Uganda usihangaike na GFA. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu watu wenye ardhi ya pamoja kuunda chama cha ardhi, mnachagua kamati, mnaandika katiba, mnasajili. Huku kwetu vipo. Ama mkaandikisha kampuni ya familia kama Maitre anavyosema. Muoneni wakili mmoja kabla ya Desemba, mlipe pamoja wote saba, asilipwe na mmoja, akilipwa na mmoja atakuwa wakili wa mmoja.

---

Maitre_wa_Bunia

Nirudi kwa Yquem, juu yule ndugu amesema kitu kizito na sitaki kukikwepa. Hisa bila pesa ni karatasi. Binamu yuko mbali, ana hisa kwenye shamba maarufu, kila mwaka anapata kidogo ama hapati, halafu anakuja mtu na pesa ambazo hajawahi kuziona. Atauza. Mimi simlaumu sana. Hata GFA za wakulima wa kawaida zinateswa na hilo, kodi anayolipa mkulima kukodi ardhi ni ndogo na wenye hisa ni wengi.

Kwa hiyo mjukuu, kwenye katiba yenu andikeni vitu viwili. Moja, anayetaka kutoka anatoka, lakini anawauzia ndugu kwanza, kwa bei ambayo mmeshakubaliana namna ya kuipata, na analipwa kwa misimu kadhaa. Msimfungie mtu mlango, mlango ukifungwa ndio anatafuta dirisha. Pili, anayelima alipwe kazi yake kwanza, kama mfanyakazi, halafu ndio faida igawanywe. Wanaoharibu mashamba kule si wavivu tu, ni pia yule mtoto mmoja aliyefanya kazi miaka ishirini bila mshahara kwa sababu "ni la kwenu", akaja kugawana sawa na waliokuwa Paris.

Alexandre alipotoka Yquem 2004 alibaki na Château de Fargues, ya ukoo wake tangu 1472. Ndogo, jumba lake la zamani ni magofu. Lakini ilikuwa bado yao.

---

mjukuu_wa_kilembe

Wadau nimesoma yote, mengine mara tatu. Asanteni sana, kwa kweli sikutegemea.

Mama wa Bombo, uliniuliza nani alikuwa anaanika kahawa. Ni shangazi mkubwa. Tangu asubuhi anageuza drugar, ile arabika ya kukaushwa juani, kwa mikono mpaka jua linazama, mvua ikitishia anakimbia na turubai, nilikuwa mtoto namfuata nyuma. Jana nilimpigia simu. Nikamwambia shangazi naomba uwepo kwenye kikao na uongee, na naomba unieleze wewe unataka shamba liweje. Alikaa kimya muda mrefu nikafikiri laini imekata.

Akaniambia hataki kipande. Anataka ile stoo isibomolewe, na anataka kila msimu magunia yahesabiwe mbele ya wote saba, neno kwa neno kama ulivyosema wewe. Halafu akaniuliza kama nimeshaona makaratasi ya babu. Nikamwambia baba mdogo anasema yamepotea. Akasema hayajapotea, yako kwake. Yale ya mauziano, kila kipande alichonunua babu tangu mgodini, na majina ya mashahidi na dole gumba, karatasi kumi na moja kwenye bati la biskuti. Babu alimpa 2011 akamwambia asiyatoe mpaka aulizwe.

Nikamuuliza mbona hukusema miaka yote miwili hii. Akasema hakuna aliyeniuliza.

---

BintiBombo

Allahu akbar. Mwanangu panda gari kesho uende ukayapige picha, kila karatasi mbele na nyuma, halafu umrudishie bati lake.

---

mjukuu_wa_kilembe

Niko stendi tayari.